Hatukuzaliwa Tunajua

Kuna kauli inayotembea vyuoni, kwenye ofisi za elimu na hata katika vikao vya wazazi, na kila nikiisikia inanikera zaidi. Inasema vijana wa sasa wamezaliwa na simu mkononi, hivyo mwalimu kijana akipelekwa shuleni na kukabidhiwa kishikwambi, kazi imekwisha. Wa kufundishwa ni wazee. Vijana watajiongoza. Wanaoisema wanadhani wanatusifu, na hapo ndipo madhara yanapoanzia, maana mtu akishasifiwa kwamba anajua, nani tena atajisumbua kumfundisha?

Mimi ni mwalimu tarajali. Nafanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi ya kata ya Nyakatuntu, wilayani Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Naipinga kauli hiyo kwa nguvu zangu zote. Inatunyima ufundi tunaouhitaji, na mzigo wake unawaangukia watoto wa vijiji kama hivi, ambao mwalimu wao ndiye mlango wao mkubwa, na mara nyingi wa pekee, wa kuingilia katika elimu.

Tuanze na hicho tunachodaiwa kukijua. Kijana wa rika langu anajua kutuma pesa, kununua bando, kupakua wimbo, kurekodi video fupi na kuirusha mtandaoni. Hayo ni maarifa ya mtu aliyeshika kifaa chake, kwa ajili yake mwenyewe, kwa muda anaoutaka. Darasani hakuna hata moja kati ya hayo. Kifaa ni kimoja. Kipindi ni dakika 40. Kiwango rasmi ni wanafunzi 45 kwa darasa, lakini aliyewahi kuingia darasa la kijijini anajua wanavyobanana watoto kwenye madawati, na mtoto wa dawati la nyuma haoni kitu kwenye kioo cha simu hata mwalimu akiinua mkono mpaka darini. Nyakatuntu kila mtu amekula ndizi tangu hajaota meno, na hakuna anayedai kwamba kwa sababu hiyo kila mtu anajua kutunza kibanja, yaani shamba la migomba.

Maswali ya mwalimu ni mengine kabisa. Sauti isikilizwe kabla watoto hawajasoma kifungu, au baada? Video isimamishwe wapi ili wabashiri kinachofuata? Nani akishike kifaa, na kwa zamu gani, ili wale wepesi wasikihodhi na wale wapole wasibaki watazamaji mwaka mzima? Na swali ambalo kwangu ndilo kiini cha jambo zima: kikundi cha watoto sita kikiwa kwenye kishikwambi, wale sitini waliobaki wanafanya nini? Aliyekaa na simu tangu utotoni hana jibu la swali hilo, kwa kuwa simu haijawahi kumuuliza.

Chukua mnyauko wa migomba, ugonjwa uliothibitika mkoani Kagera mwaka 2006 na kuziumiza familia nyingi zinazoishi kwa kibanja. Chuoni tunasisitizwa kutumia zana halisi: mwalimu alete kitu chenyewe darasani, watoto wakishike, wakinuse, wakipasue. Ni ushauri mzuri. Lakini ukimtuma mtoto alete kipande cha mgomba ulioambukizwa, umesambaza ugonjwa. Vimelea viko kwenye ule ute wa njano unaotoka mgomba ukikatwa, na husafiri kwa visu, kwa mapanga na kwa wadudu wanaotua kwenye ua dume. Hapa simu ina kazi ya maana. Mwalimu aende shambani, apige picha ya majani yaliyosinyaa na ndizi zilizoiva kabla ya wakati huku ndani zimeoza, arekodi mkulima akiondoa ua dume kwa kijiti cha panda badala ya panga, kisha watoto waone na kujadili bila kugusa mgomba mgonjwa. Juma linalofuata mada ikiwa sehemu za ua, mwalimu huyohuyo aiache simu mfukoni, kwa sababu maua yamejaa nje ya mlango wa darasa na picha itakuwa kuwadhulumu watoto. Kujua tofauti ya masomo hayo mawili ndiyo kazi yenyewe. Hakuna programu inayokuonyesha hilo ukibonyeza.

Aliyenifungua macho katika jambo hili hakuwa kijana mwenzangu. Ni madamu mmoja anayekaribia kustaafu, mwalimu wa darasa la pili, mmoja wa walimu waliopewa vishikwambi baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, pale serikali ilipoamua kwamba vifaa vilivyotumiwa na makarani vipelekwe kwa walimu. Wenye ile kauli wangemweka yeye katika kundi la wasiojiweza. Kwa kweli kuna mengi hajui kwenye kifaa kile. Akitaka kupakua kitu huniita. Ila nilimwona akikitumia kwa namna ambayo sijaisoma katika daftari langu lolote. Alimrekodi mtoto akisoma sentensi nne, akamwekea asikilize sauti yake, akamuuliza: umejisikia wapi umekwama? Mtoto akaonyesha mwenyewe. Watoto wengi hapa wamekulia kwenye Runyambo, lugha isiyo na sauti za *dh* wala *th*, na mtoto anayejisikia akisema "zahabu" hujirekebisha kwa utulivu ambao hautapatikana kwa kukatizwa mbele ya wenzake.

Wakati huo wote darasa lilikuwa limetulia na lilikuwa kazini. Wawili wawili walikuwa wanasomeana kutoka vitabu vyao, wakibadilishana kila madamu alipogonga meza. Nilipomuuliza amejifunzia wapi, alijibu, "Mwanangu, kurekodi alinionyesha mjukuu wangu. Kuwapa hawa wengine kazi, hilo nimelifanya tangu hujazaliwa."

Kibonyezo alikijua kwa dakika mbili kutoka kwa mtoto. Sehemu ya pili imemchukua maisha yake ya kazi. Ile kauli inakuza sehemu ya kwanza, nyepesi, na kuifanya ndiyo elimu yote, kisha inaidharau ya pili ambayo sisi vijana ndio hatuna. Ingekuwa haki zaidi kusema madamu yule yuko mbele yetu katika teknolojia ya darasani na kwamba tumebaki kumsaidia kupakua.

Vyuo vinatufanyia nini, basi? Nitasema niliyoyaona bila kutaja chuo, kwani nimezungumza na wenzangu wa vyuo vingine na masimulizi yanafanana. TEHAMA tumeisoma kama historia. Tumeandika sehemu za kompyuta, tumeichora kwenye daftari na kuweka majina kwa rula, tumekariri vizazi vya kompyuta, tumefanya mtihani kwa kalamu na karatasi. Wenye bahati wamegusa kibodi kwa zamu. Hakuna siku tulipoambiwa: hii hapa mada, hiki hapa kifaa kimoja, hawa hapa watoto, fundisha, nasi tukae tukuangalie. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, inaitaja TEHAMA. Mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika Januari 2024 unadai mwanafunzi ajenge umahiri, atende. Mwalimu wa mwanafunzi huyo hajatendeshwa. Na hili likilalamikiwa, jibu ni lile lile: nyie vijana si mnajua haya mambo?

Wapo wanaokwenda mbali zaidi, na hoja yao ni nzito, nami sitaikwepa. Wanasema mwalimu mwenyewe hahitajiki sana. Mpe mtoto kifaa kizuri, atajifunza. Ushahidi wao umetoka hapahapa Tanzania. Shindano la dunia la Global Learning XPRIZE, lililofadhiliwa na Elon Musk, lilipeleka vishikwambi vyenye programu za Kiswahili kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji zaidi ya 100 vya Mkoa wa Tanga. Wengi wao hawakuwahi kukanyaga shule. Mei 2019 washindi walitangazwa wawili, Kitkit School na onebillion. Waandaaji walieleza kwamba kabla ya mradi zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma neno hata moja la Kiswahili, na baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu.

Nafurahia kila mtoto aliyesoma neno lake la kwanza kwa njia hiyo. Kwa kijiji kisicho na shule, ni jambo kubwa. Lakini soma matokeo hayo mpaka mwisho. Baada ya miezi 15, pamoja na programu zilizoshindanishwa duniani kote, vituo vya kuchaji kwa sola vilivyojengwa vijijini, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani wakishughulikia mradi, bado kundi kubwa la watoto halikuweza kusoma hata neno moja. Hao ndio ninaowafikiria mimi. Mtoto wa namna hiyo akikwama, kishikwambi hakijui kwamba asubuhi hakula, wala kwamba tatizo lake ni macho. Hata huko Tanga ilibidi wawepo watu wazima wa kijiji wa kuvisimamia vifaa. Mafanikio yale yalionyesha kinachowezekana pasipo na mwalimu kabisa. Kuyageuza kuwa sababu ya kutomfundisha mwalimu aliyepo ni kuyatumikisha kazi ambayo hayakuifanya.

Nchi hii ina ushahidi wake wa zamani zaidi, nami nashangaa jinsi tunavyousahau. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya *Mtu ni Afya* kwa njia ya redio. Redio wakati ule ndiyo ilikuwa teknolojia mpya ya kijijini. Watu walishajua kuiwasha na kusikilizia taarifa ya habari na muziki. Waliopanga kampeni wangeweza kusema, kama wanavyosema hawa wa leo, kwamba wananchi wanaijua redio, tupige matangazo, mengine yatafuata. Hawakusema hivyo. Waliandaa viongozi wa vikundi wapatao 75,000, wakafundishwa kwa ngazi, kutoka taifani kwenda wilayani hadi kijijini. Kila kikundi kilikusanyika, kikasikiliza kipindi, kikasoma kijitabu chake, kikajadili, kisha kikaamua: tuchimbe vyoo, tufyeke nyasi, tulinde kisima. Watu wapatao milioni mbili walishiriki. Redio ilikuwa ileile iliyokuwa ikipiga dansi Jumamosi. Kilichoongezwa ni mtu aliyeandaliwa, aliyekaa kando yake akijua aulize nini inapozimwa.

Miaka michache baadaye, kufuatia Azimio la Musoma la 1974, taifa lilihitaji walimu wengi kwa haraka ili kila mtoto aingie shule. Zaidi ya walimu 30,000 waliandaliwa wakiwa vijijini, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na wasimamizi wa karibu, huku wakifundisha. Ubora wa walimu wale wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, umejadiliwa mno na sina haja ya kuurudia mjadala huo. Ninalolishika ni moja: hata katika haraka ile, hakuna aliyedhani kwamba kumtumia mtu kaseti au kijitabu kunatosha. Walimpa na mtu wa kumwangalia akifundisha. Leo tuna simu zenye uwezo ambao redio ile haikuuota, na tumepunguza lile lililoifanya redio ifae.

Wakenya wameupitia mkondo huu nao. Mwaka 2013 muungano wa Jubilee uliahidi kompyuta mpakato kwa kila mtoto anayeanza darasa la kwanza. Vifaa vilianza kugawiwa 2016, na mjadala wa walimu kutoandaliwa ukavifuata kila vilipokwenda. Kando yake, mpango wa Tusome ulioanza 2015 uliwapa vishikwambi maofisa wanaowatembelea walimu madarasani na kuwashauri. Kabla yake, utafiti uliofanyika Kisumu ulilinganisha kuviweka vifaa mikononi mwa wanafunzi, mikononi mwa walimu, na mikononi mwa washauri hao wa walimu. Watoto walipiga hatua katika njia zote bila kutofautiana sana, lakini njia ya mshauri ilikuwa nafuu kuliko kumpa kila mtoto kifaa. Kwa wilaya kama Kyerwa, ambayo kila shilingi ya elimu inagombewa na choo, dawati na nyumba ya mwalimu, matokeo hayo yangepaswa kubandikwa ukutani katika ofisi ya kila Afisa Elimu Kata.

Sasa nigeukie upande wa pili wa kauli ileile, maana ina midomo miwili. Mdomo mmoja unasema kijana tayari anajua. Mwingine unasema hata akijua, Nyakatuntu ataitumia wapi? Umeme wa wasiwasi, intaneti inakuja na kuondoka, na ukisogea mpakani simu inakamata mnara wa Uganda na kula salio. Mambo haya ni kweli na nayaishi. Mkoa wa Kagera kwa miaka mingi umetegemea umeme kutoka Uganda kupitia laini ya Masaka hadi Kyaka, na hitilafu huko ilikuwa giza huku. Hata hivyo hali haikusimama. Murongo, hapahapa Kyerwa, Mto Kagera umejengewa mtambo wa megawati 14 ambazo Tanzania na Uganda zinagawana. Sola ndogo ya kuchajia simu imeingia kwenye vibanda vingi. Na mambo niliyoyaeleza hapo juu, ya kurekodi usomaji, kupiga picha ya mgomba, kuweka sauti, hayahitaji hata tone la intaneti. Vitabu vya Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania mwalimu anaweza kuvipakua siku aliyokwenda Nkwenda au Kayanga, akavihifadhi kwenye kadi ya simu na kuvitumia muhula mzima.

Hapo pana ufundi kamili wa kufundishwa: kupanga azimio la kazi kwa kuzingatia siku utakayopata mtandao, kupunguza ukubwa wa video ili simu nyepesi iimudu, kuwa na mpango wa pili betri ikizima katikati ya kipindi. Mwalimu anayekwenda shule ya mjini yenye projekta anaweza kuyakosa haya na bado akasogea. Sisi tunaopangiwa vijijini hatuwezi. Kwa hiyo wanaosema tusubiri mpaka mazingira yawe mazuri wanaipindua hoja. Mazingira magumu ndiyo yanayodai mafunzo zaidi.

Kuna jambo jingine, na hili linaniogopesha. Anayejua simu bila kufundishwa ualimu wa simu anaweza kuwaumiza watoto. Sote tumeziona zile video: mwanafunzi amekosea swali, mwalimu kijana anamrekodi akicheka, kesho mtoto yule anachekwa na watu asiowajua mkoa mzima. Aliyeirusha mara nyingi ndiye anayesifiwa kwa kujua teknolojia pale shuleni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na ikaanza kutumika 2023. Sijawahi kuisikia ikitajwa darasani chuoni. Sauti ya mtoto aliyekuwa anajisikiliza kwa madamu yule ilifutwa mbele yake baada ya somo. Madamu hakuwa ameisoma sheria, aliongozwa na adabu ya kazi. Lakini adabu hiyo haimo ndani ya simu, na kijana aliyezoea kurusha kila kitu hawezi kudhaniwa kuwa nayo kwa sababu tu ya tarehe yake ya kuzaliwa.

Wizara ina utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, unaowakutanisha walimu katika jumuiya za kujifunza shuleni kwao na kwenye vituo vya walimu. Ni utaratibu mzuri na nauunga mkono. Lakini hauwezi kuwa kisingizio cha kutotuandaa chuoni. Mwalimu anayeripoti kazini bila ufundi huu anaanza na watoto halisi siku ileile, na mwaka wa darasa la kwanza haurudiwi kwa sababu mwalimu alikuwa bado anajifunza.

Sidai maabara ya kompyuta katika kila chuo, ingawa ningeifurahia. Ninachodai kinawezekana muhula ujao. Mkufunzi anapokuja kunikagua katika mazoezi, asiridhike na andalio la somo lililopigwa mistari vizuri na kadi za manila zilizobandikwa ukutani. Aniambie: una simu moja, haina intaneti, betri imebaki nusu, watoto sabini, mada ni sehemu za kumi. Itumie, au nieleze kwa nini huitumii. Alama anipe kwa uamuzi ule na kwa kazi niliyowapa wale ambao hawakuigusa simu, na fomu ya ukaguzi iwe na nafasi ya kuziandika, kwa sababu sisi wanachuo tunasoma kile chenye alama. Wakufunzi wetu wengi hawakupata kufundishwa hivyo wao wenyewe, na hiyo si aibu yao. Basi waanze nao, wakati wa likizo, kabla shehena nyingine ya vishikwambi haijapakiwa kwenye lori kuja Kyerwa.